Mwanamke wa miaka 45 aende kliniki ipi?

Mwaka 2025 ulileta habari mbili za afya ya wanawake ambazo zilisomwa na wengi kama vile hazihusiani.

Ya kwanza ilikuja Julai. Serikali ya Marekani ilithibitisha uamuzi wa kuteketeza shehena ya dawa na vifaa vya uzazi wa mpango yenye thamani ya Dola milioni 9.7, iliyokuwa imenunuliwa kupitia shirika lake la misaada, USAID, na kuhifadhiwa ghalani Ubelgiji. Shirikisho la Kimataifa la Uzazi wa Mpango (IPPF) lilisema zaidi ya robo tatu ya shehena hiyo ilikuwa ije katika nchi tano za Afrika: Tanzania, Kenya, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Zambia na Mali. Kwa hesabu za shirikisho hilo, Tanzania peke yake ilikuwa inasubiri sindano zaidi ya milioni moja na vijiti vipatavyo 365,000, sawa na asilimia 28 ya mahitaji yake ya mwaka.

Ya pili ilikuja Novemba 10. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilitangaza kuanza kuondoa onyo kali lililokuwa limebandikwa kwa zaidi ya miaka 20 kwenye dawa za homoni wanazopewa wanawake wenye dalili za ukomo wa hedhi.

Habari ya kwanza ilichukuliwa kuwa ya wasichana na kina mama wanaozaa, na ya pili kuwa ya kina mama watu wazima. Lakini yupo mwanamke ambaye habari zote mbili zinamhusu kwa wakati mmoja. Ana miaka 45. Hedhi yake imeanza kuruka miezi, usiku anaamka amelowa jasho, na hajui kama bado anaweza kushika mimba. Maswali yake ni mawili, lakini huduma zetu zimepangwa kana kwamba mtu hawezi kuwa nayo yote kwa pamoja.

Makala ya wiki hii ni kwa ajili yake, na kwa ajili ya wanaopanga huduma za afya bila kumkumbuka.

Hesabu inaishia miaka 49

Takwimu nyingi tunazotumia kupanga huduma za uzazi zinatoka kwenye Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria. Wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 38 ya wanawake walio kwenye ndoa walikuwa wanatumia njia fulani ya uzazi wa mpango, na asilimia 31 walikuwa wanatumia njia za kisasa. Vijiti na sindano ndizo zilizoongoza.

Utafiti huo, kama ilivyo desturi ya tafiti za aina hii duniani, huwahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49. Akitimiza 50, mwanamke anatoka kwenye hesabu.

Mwili hausomi dodoso. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na mabadiliko yanayotangulia huweza kuchukua miaka kadhaa. Kwa hiyo kipindi chenye maswali mengi kuliko vyote kinaanza ndani ya hesabu na kuishia nje yake.

Kisichohesabiwa ni vigumu kutengewa bajeti, na kisichotengewa bajeti mhudumu hafundishwi. Matokeo yake yanaonekana kwenye benchi la kliniki ya baba, mama na mtoto, ambako huduma ya uzazi wa mpango hutolewa. Mama wa miaka 46 akikaa pale bila mtoto mgongoni, katikati ya wasichana wa umri wa binti zake, anajihisi amepotea njia. Wengi hawarudi mara ya pili.

Akienda dirisha la wagonjwa wa kawaida kueleza joto na jasho la usiku, anaweza kuambiwa ni malaria. Wengine hawafiki hata huko. Wananunua dawa ya malaria au ya taifodi dukani bila kupima. Joto likirudi wiki inayofuata wananunua tena.

Hedhi kuyumba si kizazi kufunga

Tuanze na jambo linaloleta madhara ya haraka zaidi: imani kwamba hedhi ikianza kuruka, mimba haiwezekani tena.

Kadiri umri unavyosonga, mayai hupungua na ovari huanza kufanya kazi bila mpangilio. Mwezi mmoja yai linatoka, miezi miwili inayofuata halitoki, kisha linatoka tena bila kutoa taarifa. Uwezo wa kushika mimba unapungua sana baada ya miaka 40, ila haufiki sifuri siku moja kama taa inavyozimwa.

Ndiyo maana katika koo nyingi yupo mtoto aliyezaliwa baada ya yule aliyedhaniwa kuwa kitinda mimba. Mama alikosa hedhi miezi mitatu, akajiambia “nimeshafunga”, akaacha kinga. Alipoanza kuhisi kitu kinacheza tumboni, mimba ilikuwa imefika miezi mitano.

Mimba ya umri huo inaweza kwenda vizuri, na wapo kina mama wengi wanaoitaka na wanaojifungua salama. Lakini asiyeipanga anapaswa kujua uzito wake. Uwezekano wa mimba kuharibika ni mkubwa zaidi, na vilevile wa kupata shinikizo la juu la damu, kifafa cha mimba na kisukari cha mimba. Uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye mtindio unaoitwa Down unafika takribani mmoja kati ya 100 mama akiwa na miaka 40, na mmoja kati ya 30 akiwa na 45.

Wanaotumia njia ya kalenda wako kwenye hatari ya pekee. Njia hii inategemea mzunguko usiobadilika. Mzunguko ukianza kuwa wa siku 24 mwezi huu na 50 mwezi ujao, hakuna tena cha kuhesabu. Mwanamke aliyeitegemea kalenda kwa miaka 15 bila tatizo anaweza kuponzwa nayo akiwa na 44, na kosa si lake. Kilichobadilika ni mwili.

Basi aache lini kujikinga? Kanuni inayotumiwa na madaktari ni rahisi kukumbuka. Kwa asiyetumia njia yoyote ya homoni, kama hedhi ya mwisho aliipata akiwa na miaka 50 au zaidi, aendelee kujikinga kwa mwaka mmoja baada ya hapo. Kama aliipata kabla ya kutimiza 50, aendelee kwa miaka miwili, kwa sababu katika umri huo ovari huweza kuamka tena. Akifika 55, karibu wanawake wote wanaweza kuacha kinga ya mimba.

Msisitizo uwe kwenye maneno “kinga ya mimba”. Virusi vya Ukimwi na magonjwa mengine ya ngono hayana habari na umri. Mjane au mtalaka anayeanza uhusiano mpya akiwa na miaka 52 anaihitaji kondomu kama binti wa miaka 22, na huenda zaidi, kwa kuwa ngozi ya uke wakati huo ni nyembamba na huchubuka kwa urahisi.

Njia inapoficha ukomo wa hedhi

Hapa ndipo maswali mawili yanapokutana. Nyingi ya njia za homoni hubadilisha hedhi au kuisimamisha kabisa, hivyo anayezitumia hawezi kutegemea hedhi kujua kama amefika ukomo.

Sindano ya miezi mitatu ni mfano mzuri. Baada ya mwaka mmoja, takribani nusu ya wanaoitumia hawaoni hedhi. Hiyo ni kazi ya dawa, na wala hakuna “damu chafu” inayojikusanya tumboni kama inavyosemwa mitaani. Lakini mwanamke wa miaka 47 aliye kwenye sindano, asiyeona hedhi, hawezi kusema amekoma. Akiacha sindano kwa kudhani hivyo, baada ya miezi kadhaa yai linaweza kutoka.

Vidonge vyenye homoni mbili vina mtego wa aina nyingine. Vinaleta damu kila mwezi, damu inayofanana na hedhi hata kama ovari zimeshastaafu. Mama anaweza kuwa na miaka 51, anaona damu kila mwezi, anajiona bado kijana. Kipimo cha damu cha homoni hakimsaidii akiwa bado anavimeza, kwa kuwa dawa huvuruga majibu.

Kwa mwanamke aliyevuka 45 na asiyetumia homoni, kipimo hicho mara nyingi hakina ulazima hata kidogo. Umri, dalili na historia ya hedhi vinatosha. Kabla ya kulipia kipimo ghali, muulize daktari majibu yake yatabadilisha nini katika matibabu. Aliye chini ya miaka 40 na hedhi imekatika ni jambo jingine: huyo asiambiwe “ni kawaida”, aende hospitali apimwe, kwani mifupa na moyo wake vinahitaji kulindwa mapema.

Kila njia ina umri wake

Njia iliyokufaa ukiwa na miaka 28 si lazima ikufae ukiwa na 46. Zifuatazo ndizo zinazopatikana zaidi, zikitazamwa kwa jicho la mwanamke aliyevuka 40.

Vidonge vyenye homoni mbili vinaweza kuendelea kutumiwa na mwanamke mwenye afya njema, na hata hupunguza hedhi nzito na joto la ghafla. Lakini havimfai mwenye shinikizo la damu la 140/90 au zaidi, mvuta sigara aliyevuka 35, aliyewahi kuganda damu kwenye mishipa au kupata kiharusi, wala mwenye kipandauso kinachoanza kwa kuona vimulimuli. Ushauri wa kawaida ni kuviacha ukifika 50. Hatari hapa ni halisi, kwa sababu presha ni ugonjwa wa kimya na vidonge vinauzwa kwenye maduka ya dawa bila mtu kupimwa. Mwanamke wa miaka 43 anayenunua vidonge bila kuwahi kuvalishwa kipimo cha presha mkononi anacheza na kiharusi.

Sindano ina ufanisi na ni ya siri, sifa mbili zinazoifanya ipendwe. Kwa aliyevuka 45, WHO inasema faida zake kwa ujumla bado zinazidi hasara. Hasara zenyewe azijue: inapunguza uimara wa mifupa katika umri ambao mifupa inajiandaa kupungua yenyewe, na haimfai mwenye mkusanyiko wa presha, kisukari na uvutaji sigara. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la BMJ ulionyesha pia kuwa waliotumia sindano hii kwa zaidi ya mwaka walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara tano wa kupata uvimbe kwenye utando wa ubongo ulioshtua kiasi cha kuhitaji upasuaji. Uvimbe huo ni nadra na mara nyingi si saratani, kwa hiyo mara tano ya kitu kidogo inabaki kuwa ndogo. Anayetumia asiache kwa hofu. Lakini aliyekaa nayo miaka kumi na sasa anakaribia 50 ana sababu nzuri ya kuzungumza na mhudumu kuhusu kubadili.

Kijiti hakina estrojeni, hivyo kinawafaa wengi wenye presha. Kinakaa miaka mitatu au mitano kutegemea aina. Kasoro yake katika umri huu ni damu isiyo na mpangilio, ambayo inaweza kuchanganywa na hedhi ya ukomo, au vibaya zaidi, na dalili ya ugonjwa. Anayetumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, au baadhi ya dawa za kifafa, amwambie mhudumu, kwani zinapunguza nguvu ya kijiti.

Kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa. Kwa mwanamke aliyevuka 40 kina faida moja ambayo wengi hawaijui: kikiwekwa akiwa na miaka 40 au zaidi, wataalamu wanakubali kiachwe hadi ukomo wa hedhi, bila kubadilishwa. Tena hakifichi hedhi, kwa hiyo ataiona ikikoma. Lakini kinaweza kuongeza damu na maumivu, na mwenye hedhi nzito tayari kinaweza kumletea upungufu wa damu.

Kwa huyo mwenye hedhi nzito kipo kitanzi cha homoni, ambacho hupunguza damu kwa kiasi kikubwa. Kile chenye dozi ya miligramu 52 kikiwekwa baada ya miaka 45 kinaweza kukinga mimba hadi 55. Pia kinaweza kuwa nusu ya tiba ya ukomo wa hedhi, kama tutakavyoona. Bahati mbaya, kwetu bado ni adimu katika vituo vya umma.

Kufunga kizazi ni njia ya kudumu kwa walioridhika na idadi ya watoto. Ila kwa mwanamke wa miaka 48 aliyebakiza miaka michache, upasuaji hauna haraka kama kitanzi kinaweza kuifanya kazi hiyohiyo. Na mume anaweza kufunga yeye. Upasuaji wa mwanamume ni mdogo kuliko wa mwanamke, hauondoi nguvu za kiume, na ndio unaozungumzwa kwa uchache zaidi kuliko njia zote.

Onyo lililotisha kizazi kizima

Sasa tuje kwenye habari ya Novemba.

Julai 2002, watafiti wa Marekani walisimamisha mapema sehemu ya utafiti mkubwa ulioitwa Women’s Health Initiative, uliohusisha wanawake zaidi ya 16,000. Waliopewa mchanganyiko wa estrojeni na projestini walipata saratani ya matiti, kiharusi na kuganda kwa damu zaidi ya wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Dunia nzima ilishtuka. Wanawake waliacha dawa, madaktari wakaacha kuziandika, na onyo likabandikwa kwenye kila pakiti.

Matokeo yale yalikuwa ya kweli, lakini namba zake hazikuelezwa vizuri. Kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, saratani ya matiti ilipanda kutoka takribani 30 hadi 38. Yaani wanane zaidi. Wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63, wengi wao wakiwa wamekoma hedhi zaidi ya miaka kumi nyuma, wakati dawa hizi huhitajiwa zaidi na wenye miaka 45 hadi 55. Sehemu ya pili ya utafiti huo, ya wanawake waliokwisha kuondolewa kizazi na kupewa estrojeni peke yake, haikuonyesha ongezeko la saratani ya matiti.

Kwa miaka iliyofuata, wataalamu wengi wameafikiana hivi: kwa mwanamke mwenye afya, aliye chini ya miaka 60 au ndani ya miaka kumi tangu akome hedhi, mwenye dalili zinazomsumbua, faida za tiba ya homoni kwa kawaida zinazidi hatari. Hiyo ndiyo hoja iliyo nyuma ya uamuzi wa FDA.

Uamuzi huo usisomwe kama ruhusa ya jumla. FDA yenyewe imeliacha onyo la saratani ya ukuta wa kizazi kwa estrojeni inayomezwa au kuingia mwilini ikiwa peke yake. Mwanamke mwenye kizazi akipewa estrojeni lazima apewe na projestini ya kumlinda, na hapo ndipo kitanzi cha homoni kinapoweza kutimiza kazi mbili. Kijiti hakihesabiwi kuwa kinga hiyo. Aliyewahi kuwa na saratani ya matiti, mwenye ugonjwa mkali wa ini, au anayetokwa damu isiyojulikana chanzo hastahili kuanzishiwa dawa hizi. Kwa mwenye hatari ya damu kuganda, estrojeni ya kubandika au kupaka kwenye ngozi ni salama zaidi kuliko ya kumeza.

Jambo moja linasahaulika mara nyingi: tiba ya homoni ya ukomo wa hedhi si uzazi wa mpango. Dozi yake ni ndogo, haizuii yai kutoka. Mwanamke wa miaka 47 anayeitumia bado anahitaji kinga.

Na kuna dalili zisizohitaji homoni za mwili mzima. Ukavu ukeni, maumivu wakati wa tendo la ndoa na maambukizi ya njia ya mkojo yanayojirudia hutulizwa na krimu au kidonge cha estrojeni kinachowekwa ukeni, chenye dozi ndogo sana. Ni jambo dogo, lakini limezivunja ndoa ambazo hazikuwa na ugomvi mwingine. Mume anadhani hatakiwi tena, mke anaona aibu kusema panauma.

Si kila kitu ni umri

Neno “umri” likitumika kueleza kila dalili, magonjwa hupata pa kujificha.

Damu inayotoka mwaka mmoja au zaidi baada ya hedhi kukoma si hedhi iliyorudi. Iwe matone au nyingi, ni sababu ya kwenda hospitali wiki hiyohiyo ili ukuta wa kizazi na mlango wa kizazi vichunguzwe. Vivyo hivyo damu baada ya tendo la ndoa, katika umri wowote. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na inatibika ikiwahiwa. Kwa wengi haiwahiwi. Wanapoona damu wanatafuta kwanza dawa za kusafisha kizazi kwa wauzaji wa mitaani, na miezi inayopotea hapo ndiyo iliyokuwa ya kupona. Hakuna kizazi kinachohitaji kusafishwa kwa dawa za chupa.

Jasho la usiku linaloambatana na kikohozi, homa au kupungua uzito lipimwe kifua kikuu na Virusi vya Ukimwi. Moyo kwenda mbio na uchovu vinaweza kuwa tezi la shingo au upungufu wa damu. Huzuni inayomzuia mtu kutoka kitandani ni ugonjwa unaotibika.

Umri huu pia ndio presha na kisukari vinapoingia. Estrojeni ikishuka, moyo na mifupa vinapoteza mlinzi. Mwanamke wa miaka 50 ana miaka 20 na zaidi mbele yake, na namna atakavyoiishi inaamuliwa kwa kiasi kikubwa na vitu vya kawaida: kupima presha na sukari, kutembea na kufanya kazi zinazoshughulisha misuli, kula dagaa, maziwa na mboga za majani, na kuacha sigara na pombe.

Ghala likipungua

Turudi Ubelgiji. Kwa nini shehena ya vijiti na sindano imhusu mwanamke wa miaka 45?

Kwa sababu chaguo lina maana pale tu panapokuwa na cha kuchagua. Haya yote tuliyoyaeleza, kwamba mwenye presha aache vidonge vya homoni mbili, kwamba aliye kwenye sindano afikirie kubadili, yanadai kituo kiwe na njia zaidi ya moja rafuni. Kituo kikibaki na kidonge na kondomu, mhudumu atatoa kilichopo. Mwenye presha ya 160 atarudi nyumbani na kidonge kisichomfaa, au bila chochote.

Uhaba una tabia nyingine. Kilichobaki hupelekwa kwa anayeonekana kukihitaji zaidi, na machoni pa wengi huyo ni binti wa miaka 24. Mama wa miaka 46 ataambiwa, pengine kwa utani, kwamba yeye ameshamaliza.

Nchi iliyotegemea mfadhili mmoja kwa kiasi kile imeona jinsi uamuzi wa ofisi moja ng’ambo unavyoweza kugusa zahanati ya kijijini. Jibu la kudumu ni bajeti ya ndani ya uzazi wa mpango, itakayotengwa na kutolewa kwa wakati, ili Bohari ya Dawa iweze kuagiza mapema.

Yapo pia mambo yasiyohitaji mfadhili. Kipimo cha presha kiwe hatua ya lazima kabla ya vidonge, kituoni na dukani. Mafunzo ya wahudumu wa uzazi wa mpango yaongezewe somo la ukomo wa hedhi, kwa sababu mama tayari yuko mbele yao. Siku ya kuchunguza saratani ya mlango wa kizazi, ambayo kina mama wa miaka 30 hadi 49 wanaalikwa, iwe pia siku ya kuulizwa kuhusu hedhi, usingizi, mkojo na kinga anayotumia. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Wanaopanga mafao yake wajiulize kama tiba ya dalili za ukomo wa hedhi imo. Na tafiti zetu zivuke 49.

Ukienda kituoni

Wakati hayo yakisubiriwa, msomaji uliye katika umri huu unaweza kufanya jambo moja linalobadilisha mazungumzo na mhudumu: andika. Kwa miezi mitatu, weka kwenye daftari au simu tarehe za hedhi, wingi wa damu, siku za joto na jasho, na dawa zote unazotumia, za hospitali na za asili.

Kisha nenda na maswali manne. Presha yangu ni ngapi leo? Njia ninayotumia bado inanifaa kwa umri na afya yangu, na niiache lini? Dalili hizi zinatibika vipi, na mimi ninaruhusiwa kutumia homoni? Nimechunguzwa lini mlango wa kizazi na matiti?

Ukiambiwa “ni umri tu, vumilia”, uliza tena, au nenda kituo kingine. Kama hedhi imeruka na hutaki mimba, pima mimba kwanza na uendelee na kinga mpaka muda uliotajwa hapo juu utimie. Kuuliza si ujinga, na kliniki ya uzazi wa mpango ni yako pia, hata kama mgongoni huna mtoto.